Sauti Tuliyorekodi Kwenye Banda la Nazi

Nilipopangiwa kufundisha hisabati Mafia nilikuwa sijawahi kuiona bahari. Nimezaliwa Makete, kwenye baridi na viazi, na siku niliyoshuka gatini Kilindoni nilikuwa nimetapika njia nzima tangu Nyamisati. Dereva wa gari la kwenda kaskazini alinitazama nilivyokaa, akanipa ndimu ninuse. Jioni ile nikafika Kirongwe, na mkuu wa shule akanipeleka kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na vyumba viwili vya uani vya kupangisha.

Huyo ndiye mama ninayetaka kumweleza. Alikuwa mwembamba, mrefu, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko umbo lake. Aliishi kwa minazi yake: aliuza nazi, alikamua mafuta, alisuka makuti. Nilimwamkia "Shikamoo mama", akaitikia "Marahaba mwanangu, umekonda, hukulishwa huko?" Kabla sijafungua begi nilikuwa nimeshapewa wali na mchuzi wa pweza, kitu ambacho kwetu hata picha yake ingemkimbiza mtu. Nilikula. Tangu siku hiyo sikuwahi kulala na njaa kwenye nyumba ile, na nikiugua malaria alikuwa ananiletea uji mwenyewe, anasimama mlangoni mpaka niumalize.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Homa ilimpata yule binti akiwa na miaka miwili, ikaondoka na masikio yake. Mama alimlea kwa lugha ya mikono waliyoitunga wao wawili uani pale, kisha akampeleka shule ya viziwi bara. Huko binti akajifunza kusoma, kuandika na kushona, akaolewa na kijana aliyesoma naye, naye pia kiziwi. Sasa alikuwa fundi cherehani Dar es Salaam.

Ilinichukua muda kuelewa walivyotenganishwa hao wawili. Binti hasikii, kwa hiyo hapigiwi simu. Mama hajui kusoma herufi hizi zetu, kwa hiyo haandikiwi. Binti alimtumia mama yake simu ya kupangusa kwa mkono wa msafiri, wakajaribu kupigiana kwa picha ili waongee kwa mikono. Lakini mtandao wetu siku hizo ulikuwa dhaifu. Picha ilikuja vipande vipande, mkono wa binti ukaganda hewani katikati ya neno, na mama akabaki anaiuliza simu, "Enhe? Enhe?" mpaka ikakatika. Kilichopita bila shida kilikuwa ujumbe wa maandishi peke yake.

Basi mimi nikawa msomaji. Kila alasiri nikitoka shule nilisikia, "Hodi mwalimu," naye yupo na simu mkononi, ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba yai. Nilimsomea, akanitamkia majibu, nikaandika. Binti kashona gauni tatu. Mama kaangua nazi. Binti kapata mteja mkorofi. Mama anasema achana naye, riziki ni ya Mungu. Niliona ni kazi ndogo, na niseme kweli, nilijisifu kidogo moyoni kwamba namsaidia mtu.

Halafu ikaja siku moja. Nilianza kusoma kama kawaida, mdomo ukienda sambamba na macho: "Mama, mimba imetoka. Nilikuwa sijakwambia kama ninayo. Bado natoka damu…"

Nikaishusha simu. Mama alikuwa amesimama, mkono mmoja ameshika nguzo ya baraza.

"Soma," akasema.

"Mama, labda tumwite wifi yako…"

"Wifi yangu naye hajui kusoma. Soma mwanangu."

Nikasoma mpaka mwisho. Kulikuwa na mambo ya mwili ambayo binti humwambia mama yake peke yake, na sitayaandika hapa. Niliyasema yote kwa sauti yangu ya darasani, kwa sababu sikuwa na nyingine. Nilipomaliza, mama alikuwa amejifunika kanga usoni.

"Mwandikie," akaanza. Nilisubiri kidole kikiwa juu ya simu. "Mwandikie pole."

"Pole tu, mama?"

"Pole tu."

Nilijua ana maneno mengi kifuani, lakini hayakuweza kupita kwangu. Mimi ni mwanamume, rika la mtoto wake, mpangaji, mtu wa dini nyingine. Nikaandika "Pole mwanangu", nikamrudishia simu, akaondoka bila kuaga. Siku nne zilizofuata hakupiga hodi. Chakula kilikuja, kimefunikwa kawa, kimeletwa na wifi yake aliyekuwa akiishi nyumba ya jirani.

Siku hizo nne ndizo zilizonifanya nifikirie. Chuoni nilijifunza kuandika programu kidogo, na nyingine nilijifundisha mwenyewe. Nilikuwa najua ipo programu ya kutumiana ujumbe, si maarufu, imetengenezwa na watu wa kujitolea, nao wameacha mlango wazi: mtu yeyote anaweza kuiongezea plagini, yaani kipande kidogo unachokichomeka ndani ya programu kubwa ili ifanye jambo ambalo haikuzaliwa nalo. Nikawaza, kwa nini nisichomeke kitu kitakachomsomea mama ujumbe wake bila mimi kuwepo?

Nilimwandikia binti nikamwomba aweke programu hiyo kwenye simu yake. Alikubali papo hapo, kisha akaongeza, "Mwalimu, nisamehe kwa siku ile." Mimi ndiye niliyeombwa msamaha! Niliiweka simu chini nikatoka nje nikazunguka uwanja wa shule mara mbili.

Jaribio la kwanza halikunipa heshima. Nilichukua sauti iliyokuwa tayari ndani ya simu, na sauti hiyo ilikuwa imefundishwa Kiingereza. Ilipoisoma "Shikamoo mama" mama alirudi nyuma hatua moja akaniuliza, "Huyu Mzungu anataka nini?" Sauti za Kiswahili zilizokuwepo zilitaka mtandao wenye nguvu wakati wote, au simu mpya kuliko ile. Nikaona hapana budi tutengeneze yetu.

Kiswahili kina huruma kwa mtu mwenye shida kama yangu. Hakina ujanja: "ba" ni "ba" popote utakapoikuta. Mtu akirekodi silabi zote moja moja, plagini inaweza kuziunganisha ikasoma neno lolote. Nikamwambia mama mpango huo, na kwamba nitarekodi sauti yangu.

"La," akasema. "Yako nimeshaisikia ikinisomea." Hakusema kwa ukali, lakini nilielewa. Kisha akafikiri kidogo. "Nitasema mimi. Mimi na marehemu mama yangu, mtu akitusikia bila kutuona hatutofautishi. Sauti ya kwetu ni moja. Na huyu mtoto, kama Mungu angemwachia yake, ingekuwa hiihii."

Tukatafuta mahali pa kurekodi. Chumbani kwangu bati lilipiga kelele, uani walikuwepo kuku. Mama ndiye aliyesema twende bandani. Lilikuwa banda la makuti alimohifadhi nazi, na makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, yalirundikwa pande zote mpaka juu. Nilipopiga kofi mle ndani, sauti ilikufa palepale. Mtu wa studio asingepata pazuri zaidi. Kwa ajili ya heshima, wifi yake alikaa mlangoni na mlango ukaachwa wazi. Alikuja na ukili wake wa kusuka na mdomo wake wa utani, na kazi yetu kubwa ikawa kumwomba anyamaze.

Nilianza hivi: natamka mimi, anarudia yeye. Ba. Ba. Be. Be. Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye "dha".

"Za, ile ya 'zambi'," nikasema.

"Hiyo si dha, mwalimu."

"Za," nikarudia.

Wifi akaangua kicheko. Mama akanisogelea. "Toa ulimi kidogo. Usiogope, hautadondoka. Dha. Ukisema 'zambi' hujasema dhambi, umesema kitu kingine kabisa." Na kweli, sisi wa nyanda za juu dha yetu ni za, tha yetu ni sa, na ghali kwetu ni gali. Nilikuwa nafundisha watoto wa pwani kwa lugha yao na wao, kwa adabu, walikuwa wananisikiliza tu.

Hapo ndipo nilipoacha kutamka. Kama angenifuata mimi, simu ingeongea Kiswahili cha Makete. Nikaleta kipande cha ubao na chaki, nikawa naandika silabi na kumweleza mara moja tu ni ipi, kisha anaisema kwa namna yake. Sikuwa na nia ya kumfundisha kusoma. Nilikuwa nataka kukaa kando.

Lakini siku ya pili aliutazama ubao kwa muda mrefu, akauliza, "Hii ni b? Na hii inayofuata ndiyo inayoipa a?"

"Ndiyo."

"Kumbe ni chuoni tu!" Akamgeukia wifi yake. "Be fataha ba, be kisiri bi, be dhumu bu. Ni ileile, wameipindua inaanzia kushoto."

Nilikuwa sijui. Nilikaa naye nyumba moja muda wote ule nikimhesabu kuwa mtu asiyejua kusoma, kumbe alihitimu Kurani madrasa, ndiyo chuo chao, akiwa msichana mdogo. Mtindo mzima wa konsonanti na irabu alikuwa nao kichwani tangu utotoni. Herufi zetu tu ndizo hakuwahi kuonyeshwa. "Ngeni ni hizi be na bo," akasema. "Kwa Mwarabu hazipo." Basi tukazikazania be na bo.

Tulirekodi masika yote. Ilipokuwa mvua kubwa tulingoja. Alipochoka koo alikunywa chai ya tangawizi. Tulipofika kwenye "ng'o" wifi alicheka hadi akatoka nje, na mama naye akashindwa, na kuna rekodi moja ninayo hadi leo ambayo haina silabi yoyote ndani yake, ni watu wazima watatu wanacheka kwenye makumbi.

Kazi ilipokwisha nikaichomeka plagini kwenye simu na kumwandikia binti atume neno. Akatuma: "Shikamoo mama. Mvua imenyesha barabara yote imejaa maji." Simu ikasema. Ilikuwa sauti ya mama kabisa, ila ilitembea kama mtu anayepanga matofali: shi, ka, mo, o, ma, ma. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujipongeza. Mama alikunja uso.

"Haikazi," akasema.

"Haikazi nini?"

"Neno lina mahali pake pa kukaza, mwalimu. Sema barabara ya kupita gari." Nikasema. "Sasa sema umefanya kazi yako barabara." Nikasema, na nilipoisema nikaisikia. Ile ya kwanza inakaza karibu na mwisho. Ile ya pili inakaza mapema. "Umeona? Hii yako haikazi popote. Mwanangu hazungumzi na mimi kama kasha."

Nilisoma Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne na nilipewa alama nzuri, na sikuwahi kukaa nikalisikia neno kama yeye alivyolisikia. Tukarudi bandani. Kila silabi tukairekodi tena, mara hii mara mbili: nyepesi na nzito. Nikaielekeza plagini itumie nzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno machache yanayokataa kanuni hiyo mama akayataja mwenyewe, nikayaweka pembeni. Salamu tulizirekodi nzima nzima, kwa sababu alisema salamu haikatwi.

Katika kurekebisha makosa niliongeza kitu kimoja kwa faida yangu: kila silabi iliposomwa, iligeuka rangi kwenye skrini, nipate kuona plagini inapojikwaa. Nilisahau kukiondoa.

Siku tuliyomaliza ilikuwa Ijumaa, mama amevaa kanga mpya. Ujumbe ukaingia. Nikampa hedifoni za kuweka masikioni, nikamwonyesha pa kugusa, nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Maji yalikuwepo ndani, sikuwa na haja nayo. Nilivuta polepole, nikajaza, nikamwaga, nikajaza tena. Niliporudi alikuwa amekaa kizingitini, bado ana hedifoni, anaisikiliza tena.

Akanitazama. "Imesema."

"Imesema nini?" nikauliza, kwa mazoea.

Akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu nihamie kwake. "Mambo yetu," akasema.

Nimepata kusifiwa kazini, nimepata cheti ambacho mkuu wa shule alikitundika ofisini. Hakuna kilichonifurahisha kama kufungiwa mlango siku ile.

Majibu bado niliandika mimi, lakini kidogo kidogo yalipungua. Nilidhani ana haya. Kumbe alasiri zake alikuwa anakaa bandani peke yake, anaisikiliza simu na kufuata silabi zikigeuka rangi, anarudi nyuma, anasonga mbele, kama alivyofuata ubao wa chuoni kwa kijiti. Nililijua hilo siku binti aliponitumia picha ya ujumbe aliopokea. Ulikuwa na maneno manne, hayakutenganishwa, yamekwenda mkururo mmoja: "mwananguhuyunimimi." Chini yake binti alikuwa ameniandikia: "Mwalimu, nimelia juu ya kitambaa cha mteja. Ameniuliza nani amekufa. Nimemwandikia kwenye karatasi, hakuna, mama yangu ameandika."

Nilikwenda uani na simu ile. Mama alikuwa anafua nazi, anaipiga kwenye ncha ya kifuo, kumbi linaachia.

"Mama, umeandika."

"Kuna makosa?"

"Hakuna."

"Wewe muongo," akasema. "Hamna nafasi baina ya maneno. Sijajua inawekwaje." Nikamwonyesha. Ndicho kitu pekee ninachoweza kusema kwa hakika kwamba nilimfundisha kusudi.

Mwaka uliofuata binti alishika mimba tena. Hilo sikuambiwa na mtu. Nililiona kwa jinsi mama alivyokuwa akizima sauti ya simu na kusoma kwa macho tu, midomo ikitikisika, na kwa vile alivyoanza kushona foronya ndogo. Sikuuliza. Mtoto alipozaliwa salama, wa kiume, anayesikia, ndipo alipokuja chumbani kwangu na kupiga hodi kama zamani, akanionyesha picha. Baada ya wiki kadhaa akarudi tena.

"Mwalimu, naomba uitoe ile plagini yako."

"Ina tatizo?"

"Haina. Inakula nafasi, na picha za mjukuu hazienei."

Nikaitoa mbele yake. Sitadanganya, moyo ulinichoma kidogo, maana nilikuwa nimeihangaikia masika mazima. Niliomba nibaki na zile rekodi kwenye kompyuta yangu, akakubali. Baadaye mtu mmoja wa Lamu aliyesoma habari ya plagini niliyokuwa nimewatumia wale wa kujitolea aliandika kuuliza kama anaweza kuitumia, pamoja na zile rekodi, kwa baba yake aliyepofuka. Nilimpelekea mama swali hilo. Alicheka, akasema sauti yake haijawahi hata kufika Tanga, sasa inakwenda Lamu kusoma barua za wazee. "Mpe," akasema. "Ila mwambie amwombee mama yangu dua, sauti ni yake."

Mimi bado nipo Kirongwe. Darasani siku hizi sisemi sana "rudieni baada yangu". Naandika ubaoni, nasogea kando, nasikiliza mtoto anakazia wapi, na mara nyingi pale anapokosea nagundua amebeba kitu ambacho mimi sikujua kama anacho. Hilo nililipata bandani, kwa mama ambaye mimi nilidhani namsaidia. Dha yangu pia imenyooka, ingawa nikipiga simu Makete ndugu zangu wananicheka kwamba nimekuwa Mswahili.

Likizo iliyopita binti alikuja na mwanawe. Walishuka Kilindoni wakapanda bodaboda hadi nyumbani, na mama akatandika mkeka barazani akaniita nile nao. Wifi alimchukua mtoto mgongoni. Mama na binti wakaketi wakitazamana, wakaanza kuongea kwa mikono, upesi kuliko nilivyowahi kuona mtu yeyote akiongea, vidole, nyusi, mabega, mmoja akimkatisha mwenzake, kisha wote wawili wakicheka bila sauti. Wali ulikuwa unapoa mbele yao. Binti alinigeukia mara moja tu, akaweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, nami nikafanya vivyo hivyo, kwa kuwa sikujua jibu lake ni lipi. Kisha wakaendelea. Sikuelewa walichosema hata kidogo. Nilimaliza chakula changu, nikanawa mikono, nikashukuru, nikaenda kusahihisha madaftari.